Mwenye Njaa Naye Hamjui Mwenye Shibe

Sisi wote tumelelewa na methali ile: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa Nyarugusu tunaisema karibu kila wiki. Mgao ukichelewa, tunaisema. Mgeni akija na gari, akapiga picha na kuondoka, tunaisema. Ni methali ya kweli, siipingi. Lakini nataka kuuliza kama inageuzika: je, mwenye njaa naye anamjua mwenye shibe? Nauliza kwa sababu nilimkosea mtu, na nilimkosea huku nikiwa na uhakika kwamba haki iko upande wangu.

Mtu mwenyewe ni mama mdogo wangu, mdogo wake mama aliyenizaa. Alipata nchi ya tatu mwaka 2015, akaenda Marekani, jimbo la Kentucky, yeye na watoto wake. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la kufungasha mizigo. Kila mwezi alikuwa anatutumia kidogo alichopata, na Jumapili jioni anapiga simu ya video. Tunaizunguka simu moja, bibi mbele, watoto nyuma, kila mtu anataka sura yake ionekane.

Jumapili moja, mwaka 2023, akasema: "Nina neno la kuwaambia. Madaktari watanikata tumbo. Nimenenepa mpaka magoti hayanibebi, sukari imepanda, presha imepanda. Watalipunguza ili niwe nakula kidogo."

Kimya. Halafu bibi akauliza, "Hicho kipande watakipeleka wapi?" Watu wakaanza kucheka. Mwaka ule ndio mgao wetu ulishushwa mpaka nusu. Mchana wa siku ile tulikuwa tumekula bukari na majani tu, na usiku hatukutegemea kitu. Basi mimi nikasema, "Mama mdogo, si ungerudi tu huku kambini? Huku unakonda bure, hata kisu hakihitajiki."

Nyumba nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, kidogo. Kisha akasema mtandao unasumbua, simu ikakatika. Mtandao ulikuwa mzuri. Hakupiga tena kwa wiki tisa.

Mimi nafanya kazi na vijana. Kila wiki nasimama mbele yao nawafundisha wasimcheke mwenzao kwa sababu ya mwili wake, awe kilema, awe mfupi, awe na makovu. Lakini neno lile nililisema bila kusita, na usiku nililala vizuri. Nilijiona nimesema ukweli ambao wengine wameogopa kuusema. Moyoni nilikuwa na hesabu hii: sisi hatuna chakula, yeye anacho mpaka kinamuumiza, kwa hiyo hawezi kulia mbele yetu. Hesabu hiyo ndiyo nataka tuiangalie vizuri, maana naamini wengi wetu tunayo.

Kilichonishtua ni ujumbe wa binti yake. Aliniandikia kwamba mama ameshafanyiwa operesheni, ametoka hospitali, na kwamba alikwenda peke yake. Kanisani hakumwambia mtu. Kazini alisema ana shida ya tumbo. Kwetu alishajaribu, na jibu letu mnalijua. Mkalimani wake alikuwa sauti kwenye simu, mtu asiyemjua. Nilimtumia mama mdogo ujumbe wa sauti kuomba msamaha. Kwa siku mbili hakujibu. Siku ya tatu zilikuja sauti kumi na moja mfululizo, nyingine ndefu, kwa sababu alikuwa amelala nyumbani hana la kufanya. Mengi ninayoandika hapa nimeyatoa humo, na mengine niliyasoma baadaye ili nisibishane tena na jambo nisilolijua.

Kitu cha kwanza nilichokuwa sijui ni kwamba operesheni hii haitolewi kwa mtu anayetaka tu kupendeza. Madaktari wanapima uzito wa mtu wakiulinganisha na urefu wake, na wanaangalia magonjwa yanayofuatana na unene, kama kisukari, presha na kukatika pumzi usingizini. Mama mdogo alikuwa nayo yote matatu. Binti yake alikuwa anaamka usiku kusikiliza kama mama bado anapumua.

Kitu cha pili ni maandalizi. Mimi nilidhani mtu anaingia asubuhi na kutoka jioni. Yeye alijiandaa miezi minane. Bima yake ilitaka kwanza aende kwa mtaalamu wa lishe kila mwezi kwa miezi sita na kuandika kila anachokula. Alionana na mshauri wa afya ya akili, aliyemuuliza anakula wakati gani, akiwa na hasira au akiwa mpweke, na kama ana mtu wa kumsaidia nyumbani. Alipimwa moyo na damu. Alifundishwa kutafuna polepole na kuacha kunywa maji wakati wa kula. Wiki mbili za mwisho alikula vitu vya majimaji karibu vyote, ili ini lisinyae. Ini la mtu mnene huwa limevimba kwa mafuta, nalo limelala juu ya tumbo, kwa hiyo lisiposinyaa daktari hapati njia ya kupita. Wiki hizo mbili aliendelea kwenda kazini usiku kunyanyua mizigo.

Kitu cha tatu ni operesheni yenyewe. Walimpa nusu kaputi, wakatoboa matundu madogo tumboni, wakaingiza kamera na vifaa, wakakata na kutoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi. Uliobaki umekaa kama ndizi. Kipande kilichotolewa hakirudi tena. Sehemu hiyo ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, inaitwa grelini, kwa hiyo mtu anapunguziwa nafasi ya chakula na pia ile sauti inayomwita ale. Siku ileile walimsimamisha atembee kwenye korido na maumivu yake, ili damu isigande miguuni.

Watu wanasema hiyo ni njia ya mkato. Nilisema hivyo na mimi. Wanasema mwenye nidhamu angefunga mdomo tu. Sasa nikiyatazama hayo yote, sijui tunadai nidhamu gani zaidi. Na kama mtu anavunjika mguu hatumwambii aunge mfupa kwa nia yake, kwa nini mwenye mwili uliokataa kupungua tumwambie apungue kwa nia? Mama mdogo alishajaribu kupunguza kula miaka mingi. Alikuwa anashuka kilo kumi, kisha zinarudi kumi na tano.

Hapo ndipo nilipofika kwenye jambo lililonibadilisha. Nilikuwa naamini njaa na unene ni vitu viwili vilivyokaa mbali, kimoja hapa na kingine kule Marekani, na kwamba wa huku hana undugu na wa kule. Sivyo.

Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, mtafiti aitwaye Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wote wazima, akawalisha chakula kidogo kwa miezi sita, karibu kalori 1,570 kwa siku. Nia ilikuwa kujifunza namna ya kuwarudisha watu watakaotoka kwenye njaa ya vita, yaani watu kama wazee wetu. Wanaume wale walikonda, wakawa wakali, wakaota chakula, wakalamba sahani. Lakini waliporuhusiwa kula tena, wengi hawakuishia pale walipokuwa mwanzo. Walikula na kula, na mafuta ya mwili yakapita kiwango cha zamani. Mwili uliokumbuka njaa ulikuwa unaweka akiba. Na tusisahau: mgao kamili wa mkimbizi unahesabiwa kalori 2,100 kwa siku. Nusu yake ni 1,050. Kile walichokiita njaa ya majaribio kilikuwa kingi kuliko nusu yetu.

Uholanzi nako, majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, vita vilileta njaa kali. Watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati ule walifuatiliwa mpaka utu uzima, na baadhi yao walionekana kuwa na unene zaidi na matatizo ya sukari. Hawakuwa wamezaliwa bado, lakini njaa ya mama ilikuwa imeshawagusa.

Mama mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Fizi, wakati wa vita vya mwaka 1996. Kabla ya mtumbwi walikaa porini majuma kadhaa wakila mizizi. Baada ya hapo alikaa miaka karibu ishirini kwenye foleni ya mgao. Siwezi kusema hilo ndilo lililomnenepesha. Hakuna daktari aliyesema hivyo, na huko kwao kuna soda, kuna usingizi wa mchana usiotosha, kuna chakula cha bei rahisi kilichojaa sukari na mafuta. Lakini sikilizeni alivyosema kwenye ile sauti ya saba: "Mwanangu, miaka minane nilikuwa nikiona sahani imejaa, moyo unaniambia kula yote, kesho hujui. Nilijua kesho ipo. Friji imejaa. Lakini mkono haukujua."

Kwa hiyo niliyemcheka hakuwa mtu wa shibe. Alikuwa mtu wa kambi kama mimi, aliyeondoka na njaa yake ndani ya mwili. Na hapa hapa kambini tunao wenzake. Nendeni siku ya kliniki ya kisukari muone. Kuna mama jirani yetu, mnene, anaambiwa apunguze ugali, na mgao wenyewe ni unga. Watu wanamnong'ona kwamba anauza kadi za wenzake, la sivyo angenenepea wapi? Ni mgonjwa, na ana njaa, vyote kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye pingamizi, maana najua mtu mmoja anasoma huku anatikisa kichwa. Atasema: wewe kijana, umetekwa na maneno matamu. Pesa ya operesheni moja ingelisha kijiji chetu muda gani? Kuna mtoto hapa amelazwa kwa utapiamlo. Haki iko wapi?

Ni swali la haki kabisa na silikwepi. Dunia ambayo mtu mmoja anakatwa tumbo na mwingine anapunguziwa unga imekaa vibaya. Lakini anayestahili kuulizwa swali hilo ni nani? Pesa ile ilitoka kwenye bima anayokatwa kwenye mshahara wake. Angekataa operesheni, pesa isingepanda ndege kuja Kigoma. Wanaoamua mgao wakae nao juu ya mezani waulizwe, na sisi tuna haki ya kuwauliza kwa sauti kubwa. Mimi nilichofanya ni kuchukua swali la wakubwa na kumtupia mwanamke anayefunga mizigo usiku, kwa sababu yeye alikuwa karibu na alikuwa anatupenda. Wale wakubwa hawapigi simu Jumapili.

Na kuna jambo lingine ambalo kambi imetufundisha bila sisi kujua. Kambi inapanga watu kwa vigezo. Nani ni mjane, nani ni mlemavu, nani ni mtoto asiye na wazazi, nani anastahili kwanza. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnajua kazi hiyo ilivyo ngumu, na siwalaumu, kwa sababu unga ni mchache na lazima mtu apate kabla ya mwingine. Ukimpa huyu mfuko, yule hana. Kwa unga, foleni ni haki.

Shida ni kwamba tumechukua foleni ya unga tukaifanya foleni ya huruma. Mtu akisema anaumwa, tunamwangalia kwanza yuko nafasi ya ngapi. Msichana kwenye kikundi changu alilia kwa sababu ameachwa na mchumba, mwenzake akamwambia, "Mimi baba yangu aliuawa na silii." Akanyamaza. Hakupona, alinyamaza tu. Na sisi wenyewe tunaumia tukifanyiwa hivyo. Mnakumbuka tunavyojisikia tukiambiwa kwamba afadhali sisi, kuna kambi nyingine wako vibaya zaidi? Hakuna aliyewahi kushiba kwa maneno hayo. Nikimhurumia mama mdogo kwa kidonda chake, mtoto aliyelazwa hapa hapungukiwi na kijiko. Pengine anaongezewa, maana moyo uliozoea kusikia hauchagui sana.

Nisiseme uongo kwamba ilikuwa rahisi. Kupona kwake kulitugusa sisi pia. Wiki sita alikatazwa kunyanyua kitu kizito, na kazi yake ni kunyanyua, kwa hiyo hakwenda kazini na hela haikuja. Miezi ile miwili tulikula vibaya. Mama yangu alikasirika, na alikuwa na sababu. Kumhurumia mtu hakuondoi gharama yake. Tuliilipa, na tulipaswa kujua tunalipia nini. Tulikuwa tunalipia aendelee kuwepo.

Bibi ndiye aliyetuonyesha namna. Baada ya zile sauti kumi na moja alinituma nimpigie mama mdogo, siku ya kazi, si Jumapili. Mama mdogo alikuwa kwenye wiki ya pili, bado anakunywa vitu vya majimaji: maji, maziwa, supu iliyochujwa. Alikuwa anakunywa kwa kikombe kidogo cha dawa, kile cha mililita 30, funda kwa funda, kikombe kimoja kinachukua karibu robo saa. Akizidisha haraka anatapika na kifua kinambana. Bibi akatazama muda mrefu. Halafu akasema nimletee maji kwenye kifuniko cha chupa. Akaanza kunywa naye. Huku kifuniko, kule kikombe. Hawakuongea kitu cha maana, waliongea habari za mtu aliyefariki na habari za mvua. Mama mdogo alilia na akaendelea kunywa.

Ikawa desturi. Wiki ya tatu akaanza vyakula vya kusagwa, mayai laini, maharage yaliyopondwa. Bibi akawa anaponda maharage yake, yakiwepo. Mnamo wiki ya nane akarudi kwenye chakula cha kawaida, lakini vijiko vichache, protini kwanza, na kila siku vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalisi, mpaka mwisho wa maisha yake. Mwezi wa nne nywele zikaanza kukatika. Madaktari walishamwambia itatokea na zitarudi, lakini aliogopa. Ngozi ya mikono ikalegea. Kanisani wakaanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa ule. Hapa kambini pia, picha yake ilipofika, jirani mmoja alimpa bibi pole. Ndipo bibi akasimama kwenye bomba la maji, mbele ya kina mama wote, akaeleza operesheni yote, na kipande kilichotolewa, na kile kikombe. Nadhani ni bibi wa kwanza Nyarugusu kufundisha somo hilo.

Mama mdogo anaendelea. Sukari imeshuka na daktari amempunguzia dawa. Magoti yanambeba. Hajawa mwembamba kama wa kwenye matangazo, na ameambiwa uzito unaweza kurudi akiacha yale aliyofundishwa. Bado ana siku mbaya. Alisema harusini aliwekewa sombe na samaki, akala vijiko vinne akashiba, akatazama wenzake wanavyokula na kucheka, akajiona kama mgeni kwenye kabila lake. Chakula kwetu ni undugu. Anayekula kidogo anaulizwa kama ana kinyongo. Hilo nalo ni jeraha, na hakuna uzi wa kulishona.

Nimemuuliza kama ninaweza kuandika haya. Akasema, "Andika, lakini na lile neno lako uliandike." Nimeliandika.

Sasa narudi kwenye swali. Je, mwenye njaa anamjua mwenye shibe? Jibu langu ni kwamba hamjui, na hana cheti cha kumjua eti kwa sababu yeye ameteseka zaidi. Njaa ilinifundisha mengi, kuvumilia, kugawana, kuhesabu. Haikunifundisha kusikiliza. Hilo nimelijifunza kwa bibi na kifuniko cha chupa. Ndugu msomaji, uwe wa hapa kijijini au wa ofisini upande wa pili wa uzio, nina ombi moja tu. Mtu akikuletea maumivu yake, usimuulize kwanza yuko nafasi ya ngapi. Mgao bado ni mdogo, na kesho nitakuwa kwenye foleni kama wote, na kadi yangu mkononi. Hiyo foleni tuiache pale pale inapogawiwa unga.